Yuriorkis, Usnavy, Brayan: majina ya kubuni si ujinga wa wazazi

Wapenzi wa ndondi wa Goma na Bukavu wanamfahamu Yordenis Ugás, mpiganaji wa Kuba aliyemshinda Manny Pacquiao huko Las Vegas mwezi wa nane 2021. Wenye kumbukumbu ndefu hawajamsahau Yuriorkis Gamboa, aliyepata medali ya dhahabu ya Olimpiki huko Athens mwaka 2004, wala Robeisy Ramírez, aliyeipata mara mbili, London 2012 na Rio 2016. Katika riadha Kuba ina Yarisley Silva, bingwa wa dunia wa kuruka juu kwa fimbo mwaka 2015. Jirani zao wa Venezuela wana Yulimar Rojas, mwanamke aliyefika mita 15.74 katika miruko mitatu mwaka 2022, umbali ambao hakuna mwanamke mwingine aliyewahi kuufikia.

Majina haya hayamo katika Biblia. Hayamo pia katika orodha ya watakatifu wa Kanisa, na kamusi ya Kihispania haiyajui. Ni majina ya aina inayotungwa nyumbani, mezani, au njiani kuelekea ofisi ya serikali, na baba na mama waliotaka kitu ambacho jirani hana.

Kwa miaka mingi wasomi na magazeti ya nchi zinazosema Kihispania wamekuwa wakiyacheka. Wanasema ni dalili ya kukosa masomo, ni uchafu wa lugha, ni mzigo kwa mtoto. Viongozi wamejaribu hata kuandika sheria ili kuyazuia. Kicheko hicho kinafaa kuangaliwa vizuri, kwa maana mara nyingi anayecheka hatazami jina lenyewe. Anatazama mtaa ambako mwenye jina amezaliwa.

Zamani kumpa mtoto jina haikuwa kazi ngumu katika nchi hizo, kwa sababu kalenda ya Kanisa ilikuwa imeshaifanya. Mvulana wa tarehe 19 mwezi wa tatu alikuwa José, wa tarehe 24 mwezi wa sita alikuwa Juan, wa tarehe 25 mwezi wa saba Santiago. Wasichana walipewa María, pamoja na moja ya sifa za Bikira: Pilar, maana yake nguzo, Soledad, upweke, Dolores, maumivu. Mama wa Uvira aliyemuita binti yake Mateso angemuelewa haraka sana mama wa Dolores. Lakini hakuna mtu anayemcheka Dolores huko Madrid, kwa sababu jina hilo limekaa katika vitabu vya parokia kwa karne nyingi.

Majina ya ukoo nayo hayakusaidia kutofautisha watu. Wahispania, na watu wengi wa nchi zilizotawaliwa na Hispania, wana majina mawili ya ukoo, moja la baba na moja la mama. Yanayojirudia ni yaleyale: García, Rodríguez, González, Hernández, Pérez. Mtaa mmoja unaweza kuwa na akina José Pérez watano. Hata Waafrika waliopelekwa Kuba kama watumwa, kati yao wengi waliotoka bandari za ufalme wa Kongo na pembeni yake, walibatizwa kwa majina ya watakatifu na mara nyingi wakapewa jina la ukoo la bwana wao. Kilichobaki cha asili yao katika daftari la padri kilikuwa neno moja tu pembeni ya jina: "congo". Wajukuu wa watu walioitwa kwa majina waliyochaguliwa na wengine hawakuwa na sababu kubwa ya kuyaheshimu majina hayo milele.

Mwaka 1959 mapinduzi ya Fidel Castro yalifika Havana, na ubatizo ukapoteza nguvu yake ya zamani. Kisha wakaja Warusi. Yuri Gagarin, mtu wa kwanza kufika angani, alitembelea Kuba mwezi wa saba 1961, miezi mitatu tu baada ya safari yake. Vijana wa Kuba wakaenda kusoma Moscow, na watoto wakaanza kuitwa Vladimir, Tatiana, Katiuska. Herufi Y, ambayo majina ya kale ya Kihispania yalikuwa yakiitumia kidogo tu, ikawa mpya na tamu machoni pa wazazi. Miaka ya 1970 na 1980 ikawa miaka ya Yuniesky, Yanisleidy, Yusimí na wenzao. Mwandishi Yoani Sánchez, ambaye naye ana Y yake, alipoanza mwaka 2007 kuandika kwenye mtandao juu ya maisha ya Havana, aliupa ukurasa wake jina la Generación Y, yaani kizazi cha Y. Wakuba wa rika lake walielewa bila kuelezwa.

Watu wengi wanaishia kwa Warusi wanapoeleza mambo haya, lakini Warusi hawatoshi. Tangu mwaka 1962 kila familia ya Kuba ilikuwa na kijitabu cha mgao. Mchele, sukari, mafuta na sabuni vilipimwa kwa kila nyumba. Viatu vilikuwa vya aina moja, na mashuleni sare ilikuwa moja kwa wote. Mtu hakuweza kumnunulia mtoto wake kitu ambacho mtoto wa jirani hana, hata kama pesa alikuwa nayo. Jina halikuwamo katika kijitabu hicho. Lilikuwa bure, lilikuwa halina kipimo, na karani aliliandika namna mzazi alivyolitamka. Kwa hiyo wazazi walijihudumia.

Walijihudumia kwa ufundi kweli. Wengine walikata kipande cha jina la baba na kipande cha jina la mama wakaviunganisha. Wengine waligeuza jina nyuma mbele: Zenaida akawa Adianez, Eduardo akawa Odraude, María akawa Airam. Kuna Dayesí, ambalo watu wa Kuba hulieleza kuwa ni "ndiyo" mara tatu: da ya Kirusi, yes ya Kiingereza na sí ya Kihispania. Mwimbaji Yotuel, aliyejulikana na kundi la Orishas, ana jina linalosomeka kama yo, tú, él: mimi, wewe, yeye. Na kuna Usnavy, jina ambalo husimuliwa kwamba mzazi alilisoma ubavuni mwa meli ya jeshi la majini la Marekani, U.S. Navy, ambayo tangu mwaka 1903 ina kambi huko Guantánamo. Jina hilo limefika hadi Broadway, katika mchezo wa muziki In the Heights, ambamo mhusika mkuu anaitwa Usnavi. Wameksiko nao wana hadithi yao wanayoipenda, ya mtoto aliyezaliwa tarehe 20 mwezi wa kumi na moja na kuitwa Anivdelarev, kwa sababu mzazi alifungua kalenda akitafuta mtakatifu wa siku hiyo, akakuta kifupi cha maneno "kumbukumbu ya mapinduzi". Iwe kweli au utani, inaonyesha namna kalenda ya Kanisa na kalenda ya serikali zilivyopishana kichwani mwa watu.

Katika nchi nyingine za bara hilo kilichovutia wazazi hakikuwa Moscow. Kilikuwa sinema za Marekani, muziki, na mpira. Kiungo wa Honduras Óscar Boniek García, aliyezaliwa mwaka 1984, ana jina la Zbigniew Boniek, Mpolandi aliyeng'ara katika Kombe la Dunia la 1982. Mfungaji bora wa Kombe la Dunia la 2014, Mkolombia James Rodríguez, anaandika jina lake kama Mwingereza na kulitamka "Hames" kama Mhispania. Mwenzake Yerry Mina, beki aliyefunga mabao matatu Urusi mwaka 2018, anaandika kwa Y kile ambacho Waingereza wanaandika kwa J.

Hapo ndipo kicheko kinapokuwa kikali. Michael anapoandikwa Maikol, Brian anapoandikwa Brayan, Jason anapoandikwa Yeison, msomi wa Bogotá au wa Mexico anasema: tazama, hawajui hata kuandika. Lakini Kihispania, kama Kiswahili, kinaandikwa namna kinavyosikika. Mama anayeandika Brayan hakukosea. Amelichukua neno la wageni na kuliingiza katika sheria za lugha yake mwenyewe. Waswahili walifanya vivyo hivyo walipolichukua neno la Wajerumani, Schule, wakaandika shule, na hakuna mwalimu anayelifuta kwa kalamu nyekundu leo.

Shida ya Brayan si herufi zake. Katika vichekesho vya mitandao huko Meksiko na Kolombia, Brayan ni mwizi wa simu, ni kijana wa mtaa wa mabati, ni mtu asiyefaa kuajiriwa. Kijana mwenye jina hilo anafika kuomba kazi, na hadithi yake imekwisha kusimuliwa kabla hajafungua mdomo. Wanaosema "jina linamharibia mtoto maisha" wanasema kweli nusu. Jina halina mikono. Anayeweka barua ya Brayan chini ya rundo ni mtu aliyekaa ofisini, na ni yeye ambaye sheria haimgusi.

Sheria zenyewe zimekuwa zikimlenga mzazi. Mwaka 2007 wakubwa wa tume ya uchaguzi ya Venezuela, ambayo ndiyo inayosimamia usajili wa raia, walipendekeza kwamba wazazi wachague katika orodha ya majina 100. Nchi hiyo imezoea ubunifu, hasa huko Zulia, na iliwahi kuona mwanasheria mkomunisti akiwapa wanawe watatu majina ya Ilich, Vladimir na Lenin. (Ilich ndiye dunia iliyemjua baadaye kama Carlos, aliyefungwa Ufaransa kwa mauaji.) Kelele zilikuwa kubwa, na pendekezo la majina 100 likaachwa. Mwaka 2009 mambo kama hayo yalijadiliwa katika Jamhuri ya Dominika, ambako watoto walikuwa wamesajiliwa kwa majina kama Mazda na Toshiba. Na mwaka 2014 jimbo la Sonora, kaskazini mwa Meksiko, lilitangaza majina 61 yaliyokatazwa, likisema linataka kuwalinda watoto na dhihaka za shuleni.

Orodha ya Sonora ilizunguka dunia nzima kwa sababu ilichekesha: Facebook, Twitter, Rambo, Robocop, Terminator, Harry Potter, Hitler, Escroto, Circuncisión. Wachache walisimama kuisoma polepole. Escroto ni kiungo cha siri cha mwanaume. Kumpa mtoto jina hilo ni kumtukana, na karani ana haki ya kukataa. Hitler pia ni jambo zito, ingawa katika nchi za Andes jina hilo lilitolewa mara nyingi na watu waliolisikia tu kama jina la mkubwa fulani wa mbali. Mwaka 2018 huko Yungar, Peru, mgombea umeya aitwaye Hitler alipingwa na mtu aitwaye Lennin Vladimir aliyetaka aondolewe katika uchaguzi, na dunia ikacheka tena. Lakini Circuncisión? Hilo halikubuniwa na mtu. Linatoka katika kalenda ya Kanisa yenyewe, ambako tarehe 1 mwezi wa kwanza ilikuwa sikukuu ya Kutahiriwa kwa Bwana. Mzazi aliyelitoa alitii desturi hadi mwisho. Katika orodha moja, basi, serikali iliweka tusi, jina la muuaji, shujaa wa sinema na sikukuu ya Kanisa, na kuvipa vyote hukumu moja.

Hispania yenyewe, nchi mama ya lugha hiyo, ina somo ambalo makarani wa Sonora wangeweza kujifunza. Mwishoni mwa karne ya 19 Sabino Arana, mwanasiasa wa taifa la Wabasque, alichukia kuona watu wake wanaitwa kwa Kihispania tu. Akakaa chini akatunga majina. Aligeuza Luis kuwa Koldobika, akampa Pedro jina la Kepa, na kwa ajili ya sikukuu ya Bikira kumtembelea Elizabeti akabuni Iker. Orodha ilichapishwa mwaka 1910, yeye akiwa amekwisha kufa. Wasomi wa wakati huo waliikejeli, hata baadhi ya Wabasque wenyewe: majina ya bandia, walisema, hayana mizizi.

Mwezi wa tano 1938, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, utawala wa Franco uliyapiga marufuku. Amri ilitaja kwa herufi majina ya Iñaki, Kepa na Koldobika kama hatari kwa umoja wa taifa. Ni mwaka 1977 tu, baada ya kifo cha Franco, ndipo sheria iliporuhusu tena majina ya lugha nyingine za Hispania. Leo mtu aliyeinua Kombe la Dunia kwa niaba ya Hispania mwaka 2010 anaitwa Iker, Iker Casillas, mzaliwa wa Móstoles karibu na Madrid, nje kabisa ya nchi ya Wabasque. Na mwaka 2018 klabu ya Chelsea ilivunja rekodi ya bei ya makipa ili kumnunua kijana aitwaye Kepa. Jina lililotungwa mezani na mtu mmoja limekuwa la kawaida kiasi kwamba wazazi wanalitoa wakidhani ni la tangu zamani. Hiyo ilichukua chini ya miaka mia.

Wakongomani hawahitaji kuelezwa sana juu ya amri kama ya Franco. Mwaka 1972, wakati wa siasa ya "authenticité", Joseph-Désiré Mobutu akawa Mobutu Sese Seko, na Wazaire wote wakatakiwa kuacha majina ya kikristu. Mapadri walitishiwa kifungo kama wangebatiza mtoto kwa jina la kigeni. Watu walitii kwenye karatasi na kuendelea kuitana Marie na Pierre ndani ya nyumba, hadi mwaka 1990 utawala ulipolegea na majina hayo yakatoka tena nje. Lakini alama ilibaki. Sheria ya Familia ya mwaka 1987, katika kifungu chake cha 58, inasema majina yachotwe katika urithi wa utamaduni wa nchi, na yasiwe ya kutukana wala kumdhalilisha mtu.

Sehemu ya pili ya kifungu hicho ni nzuri. Sonora ingeishia hapo ingekuwa salama. Sehemu ya kwanza ndiyo inayoleta swali. Glody ni urithi wa nani? Ni Gloire de Dieu iliyokatwa na kuunganishwa. Gradi ni Grâce de Dieu. Plamedi ni Plan merveilleux de Dieu, maneno manne katika silabi tatu, kazi ambayo fundi yeyote wa Havana angeionea wivu. Mashuleni, Plamedi na Gradi wanaitika majina yao pembeni ya Paluku, Kambale na Kasereka, majina ya Kinande yanayosema nani alizaliwa wa kwanza, wa pili na wa tatu. Hakuna babu aliyeacha jina la Plamedi. Lilibuniwa na Wakongomani, kwa Kifaransa walichoachiwa na Wabelgiji, ili kumshukuru Mungu kwa namna ambayo Wabelgiji wenyewe hawangeielewa bila mkalimani. Kama hilo si la Kikongomani, ni vigumu kusema lipi ni lao.

Kuna hata Wakuba waliowahi kupewa majina mapya katika nchi hii. Mwezi wa nne 1965 Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma na kuingia upande wa Fizi, akiwa na watu wake, kusaidia waasi. Ili wasijulikane walipewa majina ya Kiswahili kwa kuhesabu. Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, na Che mwenyewe akawa Tatu. Waliondoka mwezi wa kumi na moja bila ushindi. Jina la Tatu lakini limebaki katika vitabu vya historia, nalo lilikuwa jina la dakika moja.

Hayo yote hayaondoi taabu ya mtoto anayechekwa. Yupo, na si lazima awe Escroto. Inatosha awe na jina refu ambalo mwalimu analitamka vibaya kwa makusudi kila asubuhi. Mzazi anapotunga jina anajipa furaha yeye mwenyewe kwanza, na mtoto ndiye anayelibeba miaka sabini. Kwa hiyo njia ya kutoka ina uzito kuliko mlango wa kuingilia. Chile iliona hivyo mapema: sheria ya mwaka 1970 inamruhusu mtu kubadili jina linalomfanya achekwe, au kuchukua lile ambalo watu wamemzoea nalo kwa miaka mitano na zaidi. Karani hampangii mzazi. Mwenye jina anajiamulia akishakua.

Congo nayo ina mlango huo kwenye karatasi. Mahakama ya amani, tribunal de paix, inaweza kuruhusu mtu abadili jina akiwa na sababu ya haki. Kijana wa kijiji cha ndani huko Shabunda ambaye jina lake linamtesa anahitaji basi sababu hiyo, hakimu aliye kazini, na nauli ya kumfikia. Wazazi wa Plamedi hawahitaji lolote kati ya hayo. Jina la mtoto wao limekwisha kuingia katika kitabu cha état civil, limeandikwa bila swali na karani ambaye pengine mtoto wake wa mwisho anaitwa Glody.